Kitenzi Kisichobadili Nguo

Alhamisi, saa moja jioni, maktaba ya Grimsby,
chumba cha nyuma chenye rejeta inayokohoa.
Mimi ni wa deki. Nangoja darasa liishe
nipige sakafu, nifute ubao, nizime taa.
Lugha wanayohangaika nayo humu nimeinyonya;
sikuwahi kuiuliza kitu.

Bi Thackray ameandika kitenzi kimoja.
Ukikipasua, kipande cha kwanza ni "juu",
cha pili ni "weka".
"Basi ni kusimamisha," asema Ferhat, kinyozi,
"kama nguzo, kama hema."
"Hapo kale, ndiyo. Kisha chenyewe kikaanguka kifudifudi.
Siku hizi ni kupindua."

Nikaegemea mpini wa deki.
Miaka hamsini na minane kimo kinywani mwangu
na sikujua kwamba kimebeba juu ndani yake.

Paka alipindua jagi la maziwa.
Sentensi ya kitabuni; paka huyo hana mwenyewe.
Mkokoteni ulipinduliwa kwenye kona.
Mkokoteni! Daiva, wa zamu ya usiku kiwandani,
akaufuta, akaweka trei tatu za chewa,
barafu ikiteleza hadi mlangoni,
na msimamizi akihesabu hasara kwa sauti.
Timu ya daraja la nne iliwapindua mabingwa:
hapo Ferhat akapiga meza, maana siku hiyo alikuwepo,
alisimama mvuani dakika tisini
na wiki nzima akanyoa watu bila sauti.

Kisha Bi Thackray akasema, bila kugeuka,
kitenzi hikihiki humwingia mtu.
Tumbo hupinduliwa, mipango hupinduliwa,
na mama naye;
neno moja tu mezani, mama amepinduka,
na sakafuni hakuna kilichomwagika.

Chumba kikanyamaza. Rejeta peke yake.

"Na wakati uliopita?" Daiva, kalamu hewani.
"Ukianza na 'mimi', hakibadiliki.
Jana hivyo, leo hivyo. Hakibadili nguo."
"Sasa nitajuaje kama yamekwisha?"

Bi Thackray alifungua kinywa. Ndipo Mzee Bogumił,
ambaye tangu Septemba hajatamka ila "habari" na "kwaheri",
akanyosha mkono kufuata biskuti,
na kiwiko kikapata kikombe.
Chai ikavuka kamusi, ikavuka daftari la mahudhurio,
ikashuka ndani ya mkoba wa mwalimu.
Mzee akasimama wima kama yuko mahakamani
akaitoa sentensi nzima, mtenda, kitenzi, kikombe,
kila kitu mahali pake.
Wakampigia makofi mpaka akakaa.

Yakimwagika hayazoleki,
husema watu wasio na deki nzuri.
Nilizoa. Nikakamua ndoo mara mbili.
Wakaondoka na mabegi yao, na kicheko chao kikashuka ngazi.

Ubao ukabaki nami.
Nikafuta paka. Nikafuta mabingwa.
Pale chini, kwa mwandiko wangu wa risiti,
nikaandika: mimi, kitenzi kile, ndugu yangu Desmond.
Maneno hayo tu. Sikutaja saa ya ukutani ya mama
tuliyoigombania siku ya maziko,
saa ambayo hata wakati huo haikuwa ikienda.
Iko kwangu. Iko kabatini, uso ukutani.

Alhamisi iliyofuata niliingia na kitambaa kibichi.
Hakuna aliyeigusa sentensi yangu.
Chini yake, kwa wino mwekundu, alama ya vema,
na maneno madogo ya Bi Thackray:
Sahihi. Ila msomaji atauliza, lini?

Nikaanza kuandika mwaka.
Nikaufuta kwa kidole gumba.
Maji ya kitambaa yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko.
Nikaandika: bado.